Likizo Languedoc: tusiishie ufukweni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na familia zetu zinazoishi Ulaya, ambazo kila ikikaribia Julai huanza kuulizana ni pwani gani ya Ufaransa yenye jua la uhakika na gharama zinazobebeka kwa baba, mama na watoto. Siku hizi wengi huelekezwa Languedoc, ule ukanda wa kusini unaoanzia pande za Montpellier, ukapita Béziers na Narbonne kuelekea mpaka wa Uhispania. Nimekwenda huko na familia yangu na ninauunga mkono ushauri huo. Ninachokipinga ni desturi yetu ya kushinda ufukweni tangu siku ya kufika hadi siku ya kuondoka, tukarudi bila kuijua nchi tuliyoitembelea.

Ufuko wenyewe, kwa sehemu kubwa, uliandaliwa na serikali. Mwaka 1963 Ufaransa iliunda tume chini ya Pierre Racine ili pwani iliyokuwa ya vinamasi na mbu igeuzwe kuwa mahali pa mapumziko, na hapo ndipo ilipojengwa miji kama La Grande-Motte na Cap d'Agde. Watoto huipenda, kwa kuwa mchanga ni mpana na bahari karibu haipwi wala kujaa kama tulivyozoea kwetu. Lakini ukiipa bahari mgongo, kwa mwendo mfupi tu wa gari unaingia katika mashamba ya mizabibu, na huko ndiko waliko watu walioishika ardhi ile kwa karne nyingi.

Najua kuna wasomaji watakaosema kwamba wao hawanywi mvinyo, kwa hiyo hawana la kutafuta huko. Ninaiheshimu sababu yao, ila shamba la mizabibu ni kilimo kama kilimo kingine, na mtoto anaweza kuonyeshwa jinsi mzabibu unavyopogolewa, unavyopandikizwa juu ya mzizi wa Kimarekani unaostahimili mdudu aliyeangamiza mashamba ya Ufaransa katika karne ya 19, na unavyovunwa kuanzia mwisho wa Agosti, bila mzazi kugusa glasi. Msomaji wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, atayaelewa pia masaibu ya wakulima hawa. Mwaka 1907 bei ilipoanguka, huku sokoni kukiwa na mvinyo mwingi kupita kiasi na mwingine wa kughushi uliotengenezwa kwa sukari na maji, waliandamana wakiongozwa na Marcelin Albert wa kijiji cha Argeliers, hadi tarehe 9 Juni umati uliojaa Montpellier ulipokadiriwa kuzidi watu nusu milioni. Siku chache baadaye askari walifyatua risasi Narbonne na watu wakafa, na askari wa kikosi cha 17, wengi wao vijana wa huko huko, wakaasi. Mwezi huo huo ilipitishwa sheria dhidi ya mvinyo wa kughushi. Vyama vya ushirika, vilivyokuwa vimeanza Maraussan mwaka 1901, vilienea baadaye, na hadi leo majengo yao makubwa yanaonekana katika vijiji vingi.

Leo wakulima hao wamo katika shida nyingine. Wafaransa wanakunywa mvinyo kidogo kuliko zamani, ukame umezidi, na serikali imekuwa ikiwalipa wanaokubali kung'oa mizabibu yao kabisa euro 4,000 kwa hekta. Shamba likishang'olewa na kuachwa, huota vichaka vikavu na misonobari. Tarehe 5 Agosti 2025 moto ulizuka Ribaute, katika vilima vya Corbières, ukasukumwa na upepo mkali na kuteketeza takriban hekta 16,000, ukaua mtu na kuunguza nyumba kadhaa. Wenyeji walisema wazi kwamba upungufu wa mizabibu uliupa moto njia. Sababu yake inaeleweka: kati ya safu na safu udongo hulimwa na kubaki mtupu, na majani ya mzabibu mwezi wa Agosti bado ni mabichi, hivyo moto unaofika pale hukosa cha kula. Mgeni anayelala katika nyumba ya mkulima, akanunua maji ya zabibu, mafuta ya zeituni au asali mlangoni pake, anamsaidia mtu huyo abaki shambani.

Wala hatapoteza raha ya bahari. Kwenye ziwa la maji ya chumvi la Thau, vijiji vya Bouzigues na Mèze hufuga chaza, na hapo jirani, Sète, huuzwa tielle, andazi la duara lenye pweza aliyepikwa kwa nyanya na viungo, ambalo familia yoyote ya pwani yetu italifurahia. Mwezi wa Agosti katika mifereji ya mji huo vijana waliovaa nyeupe husimama juu ya mashua wakisukumana majini kwa mikuki ya mbao, na watoto wangu hawakutaka kuondoka.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba makala za likizo zitakazotoka kabla ya Julai ziwakumbushe wasomaji kutazama kila asubuhi ramani ya hatari ya moto inayotolewa na ofisi ya mkoa, kwa sababu siku za upepo na joto misitu hufungwa kwa wageni. Kutowasha mkaa nje ya mahali palipotengwa. Kutotupa kichungi cha sigara dirishani. Na kupiga 112 mara tu waonapo moshi.

Msomaji wako,
Lyon, Ufaransa