Mchezo wa mapigano mabovu na hadithi isiyosahaulika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni tangu niliposoma, katika ukurasa wenu wa teknolojia, makala iliyowashauri vijana namna ya kuchagua michezo ya kompyuta. Mwandishi alipima uzuri wa picha, wepesi wa mapigano na bei, kisha akahitimisha kwamba mchezo ambao mapigano yake yanamchosha mtu haustahili kupotezewa muda. Kwa kipimo hicho, mchezo ulio bora kuliko yote niliyowahi kuicheza ungetupwa jalalani kabla saa ya kwanza haijaisha, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mchezo wenyewe unaitwa Planescape: Torment. Ulitengenezwa Marekani na studio ya Black Isle, ukatolewa na kampuni ya Interplay mwezi Desemba 1999, na mbunifu wake mkuu alikuwa Chris Avellone. Ni mchezo wa uhusika, yaani ule ambao mchezaji huchukua nafasi ya mtu mmoja ndani ya ulimwengu wa kubuni, akamchagulia pa kwenda, maneno ya kusema na matendo ya kutenda, na kadiri mtu huyo anavyopata uzoefu ndivyo nguvu na maarifa yake yanavyoongezeka. Kanuni zake zimetokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani unaochezwa kwa dadu, karatasi na mazungumzo, na programu iliyouendesha ilikuwa ileile ambayo kampuni ya BioWare ya Kanada iliitengeneza kwa ajili ya mchezo mwingine wa uhusika, Baldur's Gate, wa mwaka 1998. Maandishi yaliyomo ndani yake hukadiriwa kufikia maneno 800,000. Hizo ni riwaya nene kadhaa zikiwekwa pamoja, na kuucheza mchezo huu kwa sehemu kubwa ni kuyasoma.

Kasoro zake nazijua vizuri wala sitazificha. Mapigano ni mabovu. Mchezaji huongoza kundi la watu wasiozidi sita, na kundi hilo likiingia kwenye kichochoro chembamba, mmoja hukwama kwenye pembe ya ukuta, mwingine hugeuka akaanza kuzunguka jengo zima, na aliye dhaifu kuliko wote hujikuta peke yake mbele ya adui. Unaweza kusimamisha muda ili utoe maagizo, lakini ukiuachia uendelee, vurugu hurudi palepale. Katika mtaa wa mafukara, ambao jina lake ningelitafsiri Mzinga kwa jinsi watu walivyosongamana humo kama nyuki, wahuni unaowashinda leo utawakuta wenzao kesho mahali palepale, na hakuna jipya unalojifunza kwa kuwashinda tena. Uchawi mkubwa huja na sinema yake fupi inayosimamisha kila kitu kwenye skrini. Mara ya kwanza utaifurahia, lakini mara ya kumi utatamani aliyeitengeneza angeipunguza. Unaruhusiwa kumfanya mhusika wako mpiganaji, mwizi au mchawi, ila aliyeweka alama zake zote kwenye nguvu za mwili, akasahau akili na busara, atakuwa amejinyima nusu ya mchezo bila mtu yeyote kumwonya.

Na kuelekea mwisho, ukishafika katika mji wa Curst, maongezi hupungua na vita huongezeka, hata msomaji aliyezoea kulishwa maneno matamu akabaki anakanyaga maiti tu. Nakumbuka usiku mmoja nilipokuwa katika mapango ya chini ya mji huo, nikarudia chumba kimoja mara saba, na mara hiyo ya saba nikavuka kwa kukimbia bila kupiga hata pigo moja. Nilizima kompyuta nikiwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa na haki yake.

Kesho yake niliiwasha tena. Kilichonirudisha ni hadithi iliyoanzia mochwari.

Mtu mmoja, ambaye mchezo humwita Asiye na Jina, anazinduka juu ya kitanda cha mawe, mwili wake umejaa makovu na michoro ya chale, hajui jina lake wala amefikaje hapo. Pembeni yake linaelea fuvu la kichwa linaloongea, jina lake Morte, ambalo linajitolea kumsomea maandishi yaliyochanjwa mgongoni mwake, mahali ambapo macho yake mwenyewe hayafiki. Maandishi hayo aliyaacha yeye mwenyewe, katika uhai mwingine asioukumbuka, kwa kuwa mtu huyu hawezi kufa: kila akiuawa huamka, na mara nyingi huamka akiwa amesahau yote. Fuvu linamsomea, naye anaondoka na maelekezo. Baadaye sana ndipo anapogundua kwamba fuvu liliruka mstari wa mwisho, na mstari huo ulimwonya asiliamini fuvu. Mhariri, fikiria ustadi wa mwanzo huo. Mchezaji hana habari yoyote ila anayosomewa, na anayemsomea ana sababu ya kuficha.

Mochwari hiyo imo katika jiji la Sigil, lililojengwa upande wa ndani wa duara kubwa mfano wa pete, na wanaoiendesha ni kundi la watu wanaoamini kwamba maisha haya yenyewe ni mauti na kwamba kufa kwa kweli ni kuachana na kila shauku. Mmoja wao ni mzee Dhall, karani anayeandika katika daftari kubwa majina ya maiti wanaoletwa, akikohoa kila baada ya maneno machache. Anamtambua Asiye na Jina, kwa sababu amekwisha kumwandika mara nyingi, na ingawa wajibu wake ni kupiga kelele ili walinzi waje, anakaa akazungumza naye. Katika mchezo wa kawaida mzee kama huyo angekuwa adui wa kwanza wa kujifunzia upanga. Hapa unasimama mbele ya meza yake, unamuuliza maswali, na unaondoka ukiwa unamhurumia kwa kikohozi chake.

Naomba nieleze sehemu nyingine moja kwa kirefu, kwa maana ndiyo iliyonifanya niseme kwamba jambo hili lisingewezekana kufanywa vilevile katika kitabu. Katika jumba moja la Sigil huhifadhiwa mawe ambayo ndani yake watu wameweka hisia zao, na anayeligusa jiwe huhisi alichohisi mwenyewe. Mojawapo liliachwa na Deionarra, mwanamke aliyempenda Asiye na Jina katika mojawapo ya maisha yake yaliyopita na ambaye sasa ni mzuka unaotangatanga. Unaligusa. Unakuwa yeye: unamngoja mpenzi wako, anakuja, anakushika, anakuambia maneno ya kukutuliza, na moyo wako unajaa. Halafu, kwa kuwa wewe ndiwe uliyekuwa mtu yule, kumbukumbu yake nayo inaamka ndani yako papo hapo, na unagundua kwamba alipokuwa akiyasema maneno yale alikuwa baridi tupu, akilipima kila neno lifanye kazi aliyoikusudia. Unakuwa mdanganywa na mdanganyifu kwa pumzi moja. Niliweka kipanya chini nikatoka nje uani nikasimama kwa muda.

Sasa nije kwenye hoja yangu hasa. Wengi wanaousifu mchezo huu husema kwamba hadithi ni nzuri na kanuni ni mbaya, kana kwamba ni vyakula viwili katika sahani moja, unakula kimoja unaacha kingine. Mimi naona sivyo. Kanuni zake za vita ni mbaya, lakini zipo kanuni nyingine ndani yake ambazo ndizo hadithi yenyewe. Busara, kwa mfano, huandikwa kwa namba kama nguvu au wepesi, lakini namba hiyo ikipanda, Asiye na Jina huanza kukumbuka mambo ambayo mwenye busara ndogo hatayakumbuka kamwe, na katika mazungumzo hufunguka majibu yaliyokuwa yamefungwa. Hata adui wa mwisho, aliyejificha katika Ngome ya Majuto, anaweza kushindwa kwa maneno bila upanga kuchomolewa, iwapo mchezaji amejijenga kwa fikra na amezikusanya kweli za maisha yake.

Na kubwa kuliko zote ni kanuni ya kifo. Katika michezo mingi kufa ni adhabu: unarudishwa nyuma unaanza upya. Hapa Asiye na Jina akiuawa huamka muda si mrefu, majeraha yamefunga, mchezo unaendelea, na mchezaji hujifunza upesi kwamba kufa si kitu. Hujiachia. Kisha, akiwa amekwisha kuzoea, huambiwa ukweli: kila mara alipokufa yeye, mtu mwingine mahali fulani alikufa badala yake, na vivuli vinavyomwandama tangu mwanzo ni vya watu hao.

Nilipofika hapo kwa mara ya pili, miaka mingi baada ya mara ya kwanza, nilikuwa nikiuchezea kwenye tableti, nikimsomea kwa Kiswahili mpwa wangu aliye kidato cha nne, kwa kuwa alipenda kusikiliza. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, “Kwa hiyo, mjomba, jana ulipojiachia uuawe ili turudi haraka, kuna mtu alikufa?” Nikamjibu kwamba ndiyo. Akataka kujua tumekufa mara ngapi tangu tuanze. Sikuwa nimehesabu, na kule kutohesabu kwangu kulimuudhi kuliko hadithi yote. Nampongeza, kwa sababu alikuwa ameuelewa mchezo vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo ninapoyalaumu mapigano ya mchezo huu, siyalaumu kwa kuwa vidole vyangu vilichoka. Nayalaumu kwa sababu hayasemi lolote. Kuamka baada ya kufa kunasema jambo, kuchagua neno la kumwambia mzuka kunasema jambo, bali kumpiga mhuni wa ishirini kichochoroni hakuongezi kitu kwa mtu yule wala kwa mimi ninayemwongoza. Waliokuja nyuma waliliona hilo. Mchezo wa Disco Elysium, uliotolewa mwaka 2019 na watunzi wenye asili ya Estonia ambao hawakuficha deni lao kwa Torment, uliondoa kabisa mfumo wa mapigano ukaacha mazungumzo na dadu. Na ulipotangazwa mchango wa umma mwaka 2013 ili kutengeneza mrithi wake, Torment: Tides of Numenera, watu walichanga zaidi ya dola milioni 4 za Kimarekani. Hakuna anayechanga fedha kama hizo kwa ajili ya kumbukumbu ya vita vibovu.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Michezo ya aina hii haiko mbali na wasomaji wenu. Toleo la Torment lililofanyiwa marekebisho na kampuni ya Beamdog mwaka 2017 huchezeka hata kwenye simu za Android, na kijana mwenye subira anaweza kulimaliza bila kompyuta. Mnao wahakiki wanaojua kuichambua tamthilia na diwani, wakaeleza wapi mtunzi amefaulu na wapi amelegea. Mpeni mmoja wao mchezo kama huu kwa miezi miwili, aandike kama anavyoandika juu ya riwaya, asifiche kwamba mapigano yanakera, wala asiishie hapo. Na aseme wazi kwamba ni kazi ya watu wazima, kwa maana ina mauaji na mambo mazito. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiruka kurasa fulani nilipokuwa nikimsomea mpwa wangu.

Kizuizi kinachobaki ni lugha, kwani mchezo huu haujatafsiriwa kwa Kiswahili, na asiyekijua Kiingereza vizuri anabaki na yale mapigano peke yake, yaani anapewa makapi bila punje. Ugumu wa kuutafsiri nimeuonja. Hadithi nzima imefungwa katika swali moja ambalo mchawi Ravel humuuliza Asiye na Jina: ni kitu gani kiwezacho kubadili hulka ya mtu? Wahenga wetu walikwisha kulijibu kwa mkato waliposema kwamba tabia haina dawa, lakini Ravel hataki jibu la wahenga wala lake mwenyewe. Anataka jibu la anayeulizwa. Nilijaribu “tabia”, nikaona ni jambo ambalo mtu hujifunza na anaweza kuliacha, kwa hiyo swali likapoteza uzito. “Maumbile” yalinipeleka kwenye mwili, “silika” ikanipeleka kwa wanyama. Nimetulia kwenye “hulka”. Mpwa wangu hakubali. Anasema neno ni “moyo”, na kwamba Ravel angekuwa bibi wa Tanga asingetumia jingine. Tumebishana tangu Ramadhani, na daftari letu la tafsiri limesimama katika ukurasa huo.

Wako mtiifu,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga.