Barua kwa mwanangu kabla ya darasa la Jumatatu

Mwanangu kipenzi,

Sote hapa nyumbani tu wazima. Umepata nafasi ya mafunzo ya Ajira Digital, ule mpango wa serikali wa kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, nami moyo umetulia kidogo. Mafunzo hayo hayalipiwi. Atakayekuomba hata shilingi mia mbili za usajili, usimtumie.

Wenzako watataka kuunda tovuti wiki ya kwanza. Wewe anza na kuchapa na Excel, programu ya kupanga orodha na hesabu kwenye jedwali. Hapa Mombasa, ofisi za kuondosha mizigo bandarini, sacco na maduka ya jumla hushinda na orodha: makontena, wanachama, bidhaa. Kijana asiye na shahada huingilia mlango huo, na asiyejua kazi hujulikana siku ya kwanza.

Papasa herufi F na J, utagusa vijinundu viwili. Vidole vya shahada vikae hapo, macho yako yabaki kwenye skrini. Fanya dakika 20 kila siku. Saa mbili za Jumamosi hazisaidii kitu. Lenga maneno 40 kwa dakika, lakini usahihi kwanza, maana kidole kikishazoea kukosea, kukifunza upya ni taabu.

Sasa Excel. Ukichapa namba ya simu inayoanza na 07, programu huihesabu kama tarakimu za hesabu, ikaiangusha sifuri. Chagua safu wima nzima kabla hujachapa chochote, uiweke kwenye Text, yaani maandishi. Ukisubiri hadi umemaliza majina 300, kuibadilisha safu hakurudishi sifuri zilizokwisha kuanguka.

Tarehe ndizo huwaponza wengi. Kwetu 03/04 ni tarehe tatu Aprili, ila kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani huisoma tarehe nne Machi, wala haikuonyi. Ikifika 13/04 haipati mwezi wa 13, basi inaiacha kama maneno tu. Tazama ukingo wa seli, kile kisanduku unachoandikia: tarehe iliyoeleweka huegemea kulia, isiyoeleweka huegemea kushoto. Ukiona safu moja ina kulia na kushoto, jua hata zile za kulia huenda zimegeuzwa siku na mwezi. Zifute, rekebisha mpangilio, uziingize upya kutoka kwenye karatasi.

Na VLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha, ikikuletea #N/A, yaani haijakipata, ilhali jina unaliona kwa macho yako, usilaumu fomula. Mara nyingi kuna nafasi tupu nyuma ya jina. Fomula ya TRIM huiondoa.

Cheti kitakuja, lakini mwajiri atataka kuona mkono wako. Weka kwenye Google Drive orodha moja chafu na ile ile ikiwa imesafishwa, pamoja na mistari mitano ya kueleza ulichorekebisha. Majina yawe ya kubuni. Usichukue orodha ya wateja wa mtu yeyote, kwani Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na aliyekupa kazi hatakuamini tena. Kompyuta za darasani ni za wengi, kwa hiyo toka kwenye barua pepe yako kila unapoinuka, hata ukienda kunywa maji.

Liko jingine linanitia hofu. Utaambiwa ukodi akaunti ya mtu mwingine ya Upwork, ule mtandao wa kutafutia vibarua, ili upate kazi upesi. Kataa, mwanangu. Ni kinyume cha masharti yao. Akaunti ikifungwa, pesa za jasho lako zimo ndani na huna pa kudai. Isipofungwa, sifa njema zote zinaandikwa kwa jina lake. Fungua yako, uanze na vikazi vidogo.

Nauli ya wiki nitakutumia Jumapili jioni. Chukua daftari na ile flashi iliyo kwenye droo, na kitambulisho usikisahau.

Mamako