YAH: MALALAMIKO KUHUSU BLOKU YA 4G63 NA PISTONI MLIZOTUUZIA

Ndugu Meneja wa Karakana,

Salaam. Naandika kwa heshima, na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe. Isirudishwe kaunta, maana huko ndiko tulikoharibikiwa.

Fomu ya kazi mnayo na masharti yenu mnayajua. Tuliagiza bloku ya injini ya Mitsubishi 4G63 ifungwe krenki (shafti inayopandisha na kushusha pistoni) ya injini ya 4G64, silinda zichongwe kutoka milimita 85 hadi 85.5, na mtuuzie pistoni za kufua (zilizogandamizwa, si za kumimina) zinazofaa injini itakayofungwa turbo. Kwa hesabu hiyo injini ya cc 1997 inafika kama cc 2296. Turbo inakuja mwisho, bloku ikishakuwa imara. Anayetanguliza turbo huvunja pistoni kwanza, kisha ndipo anaanza kutafuta za kufua.

Mmetupa pistoni zisizo zake. Krenki ya 4G64 ina mwendo (umbali wa pistoni kutoka chini hadi juu) wa milimita 100, si 88 kama ya 4G63. Chukua nusu ya mwendo, 50, ongeza konrodi, mkono unaounganisha krenki na pistoni, ya 150, unapata 200. Uso wa juu wa bloku uko milimita 229 kutoka katikati ya krenki. Kwa hiyo kutoka katikati ya pini inayoshika pistoni kwenye konrodi hadi utosi wa pistoni zinatakiwa 29. Zenu zina 35, kimo cha krenki ya 88. Ukizungusha krenki, pistoni inatokeza milimita 6 juu ya bloku. Inagonga silinda hedi na valvu kabla injini haijawashwa.

Jumanne tuliirudisha bloku na kumwonyesha msimamizi wenu hapo hapo kaunta, pistoni ikiwa imechomoza. Akasema: "Wekeni gasketi nene." Karatasi yetu ya vipimo akaisukuma pembeni bila kuisoma.

Hakuna gasketi ya silinda hedi ya milimita 6. Na hata ingekuwepo, chumba cha mwako kingeharibika na mkanda wa taimingi usingekaa sawa tena, kwa kuwa hedi ingekuwa imenyanyuliwa. Mtu anayepokea kazi za injini hawezi kutoa jibu hilo.

Suala la kompresheni, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa mara ngapi, nalo hamkulizungumza kabisa. Silinda ya cc 499 yenye kompresheni ya 8.5 ina nafasi ya kama cc 66.6 pistoni ikiwa juu. Ukiacha nafasi hiyo hiyo wakati silinda imefika cc 574, kompresheni inapanda hadi 9.6, na kwa turbo na petroli ya kawaida injini itagonga, yaani petroli italipuka ovyo ndani ya silinda. Utosi wa pistoni ulitakiwa uwe na shimo kubwa zaidi, ili nafasi yote ifike kama cc 76.5. Haya ndiyo tuliyoyalipia, na mafundi wenu ndio waliotakiwa kuyauliza.

Silinda zenyewe sasa. Tulifunga bamba nene la chuma juu ya bloku, tukakaza bolti kama za hedi, tukapima. Silinda ya pili imepinda milimita 0.06 sehemu ya juu. Maana yake ilichongwa bila bamba, ingawa fomu inasema bamba. Bolti za hedi huvuta kuta za silinda; silinda iliyokuwa mviringo mezani inakuwa yai ikishafungwa, na ringi haziwezi kuziba yai. Nafasi kati ya pistoni na ukuta mmeacha 0.04, kipimo cha pistoni za kumimina. Pistoni za kufua hutanuka zaidi zikipata joto, hizi zilitaka 0.08 hadi 0.10. Mkiacha 0.04 zinang'ang'ania. Ringi ya juu mmeiachia mwanya wa 0.25. Kwa turbo tunataka karibu 0.45, vinginevyo ncha zake hukutana kwenye joto na kubomoa kingo za pistoni.

Narudi kwenye Jumanne, kwa sababu hili haliwezi kupita kimya. Wateja watatu walikuwa wamesimama pale. Fundi wetu alizungusha krenki kwa mkono, taratibu, pistoni ikapanda mpaka ikachomoza, kila mtu akaona. Msimamizi wenu hakuinama hata kutazama. Alisema "wekeni gasketi nene", kisha akaongeza kwa sauti: "Ninyi ni wateja, mafundi ni sisi." Karatasi ya vipimo ikaanguka chini, akaipita. Ilikuwa na namba zote nilizoziandika hapa. Kama angeisoma, tusingefika huku.

Na Jumatatu, siku moja kabla ya hapo, simu yetu ilikatwa mara mbili.

Awali tulitaka pistoni sahihi za 29 tu. Sasa hazitoshi, kwa kuwa silinda ya 85.5 iliyopinda hainyooshwi bila kupanuliwa. Ichongeni hadi 86 kwa bamba, kwa gharama yenu, mtupe pistoni za kufua za 86 zenye kimo cha 29 na shimo la kutosha utosini, pamoja na karatasi ya vipimo vya kila silinda iliyosainiwa. Kuta zikionekana nyembamba mno kwa 86, tunataka bloku nyingine. Na msimamizi huyo aombe radhi kwa maandishi.

Tunawapa siku saba. Zikipita, hatutaki tena kazi yenu: tunataka fedha zote, za uchongaji na za pistoni, pamoja na gharama ya kupimisha bloku kwingine. Nakala ya barua hii, picha za pistoni iliyochomoza na fomu yenu yenye saini vitafikishwa Tume ya Ushindani, na baada ya hapo mahakamani.

Bloku na pistoni tumezihifadhi kama zilivyotoka kwenu. Hatutazigusa.

Wenu,
Msimamizi wa gereji