Barua kwa mwanangu: imalize hiyo tasnifu

Mwanangu mpenzi,

Kaka yako ameniambia. Ulimkataza, lakini unajua siri haimkai. Ati umegombana na msimamizi wako, na uko radhi kurudi nyumbani bila shahada kuliko kurekebisha sura moja. Tangu juzi sipati usingizi.

Sura hiyo niliisoma uliponitumia, kamusi mkononi. Ni nzuri, mwanangu. Umemfanya Margaret Roper, mtoto wa Thomas More aliyekuwa waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aonekane mtu kamili, binti aliyetafsiri kitabu cha mwanazuoni Erasmus kutoka Kilatini akiwa na miaka 19 hivi, enzi ambazo wasichana wengi wa Uingereza hawakufundishwa hata kuandika. Niliwasomea walimu wastaafu wenzangu ukurasa mzima, wakabaki kimya wakinisikiliza.

Lakini ile barua ya Agosti 1534 kwa dada yake wa kambo Alice Alington, ambamo Margaret anamsihi baba yake gerezani akubali kuapa kwamba anaitambua ndoa mpya ya mfalme na warithi wake, na baba anamwita Bibi Hawa, wewe umeshikilia kwamba ni kazi ya Margaret peke yake. Msimamizi anataka useme haijulikani. Si wewe uliyenieleza kwamba William Rastell, mpwa wa Thomas More, alipokusanya kazi za mjomba wake zikachapishwa mwaka 1557, iliandikwa humo kwamba haijulikani kwa hakika kama aliyeiandika ni baba au binti? Kama watu wa ukoo hawakuwa na hakika, wewe uking'ang'ania utaitoa wapi? Sema inaelekea ni ya Margaret, upange ushahidi wako wote, umalize.

Unampenda Margaret lakini unafuata nyayo za baba yake. More alikataa kiapo cha Mfalme Henry, akakatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535. Simlaumu, lile lilikuwa jambo la imani yake. Margaret aliapa, akaongeza sharti lake: kwa kadiri sheria ya Mungu inavyoruhusu. Akabaki huru. Akawa anaingia Mnara wa London, alikofungwa baba yake, kumwona mzee, akazipokea barua zake, hata ile iliyoandikwa kwa mkaa, na ndiye aliyekuja kukichukua kichwa kilichotundikwa Daraja la London. Nani angefanya hayo kama naye angefungwa? Sura nzima umeandika juu ya mwanamke huyu, na hili hukuliona?

Usiseme nakufundisha woga. Mimi nilitia saini nilichopewa mpaka nikastaafu, na ada yako haikukosa hata muhula mmoja. Mengine tutazungumza ukija.

Ubishi huo ni wa upande wa baba yako. Mpigie msimamizi simu, au mwandikie, lakini kwa heshima. Usingoje Jumatatu.

Hapa Korogwe mvua imeanza, bati la jikoni linavuja tena. Fundi anataka alipwe kwanza ndipo apande juu, nimemkatalia. Bibi yako presha imeshuka, anakuulizia kila siku na mimi namjibu unasoma. Mbuzi mweusi kazaa mapacha.

Pesa uliyotuma nimeiweka, sijaigusa. Kama chuo kitataka ada ya kuongeza muda, sema nikurudishie yote, bati litasubiri. Nijulishe tu umemwandikia lini.

Mama yako