Mikono ya minueti

Lyon, 14 Machi

Mwenzangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Barua yako imenifurahisha mno. Kumbe wanafunzi wako wataigiza karamu ya Paris ya miaka ya 1720! Ila lile la mvulana kumshika msichana kiunoni, nakuomba uliondoe. Hayo ni mambo ya walsi, ile ngoma ya wawili kushikana karibu karibu wakizunguka, nayo ilikuja baadaye sana. Hata mwaka 1816 gazeti la The Times la London bado liliiona ngoma ya kigeni isiyo na adabu.

Wape minueti, ngoma ya karamu za wakati huo. Mimi naijifunza hapa kila Jumanne jioni. Wawili hucheza peke yao, wengine wote wanatazama. Kila mmoja anakwenda kwenye pembe yake, wanapishana katikati kwa njia yenye umbo la Z, na muda wote huo macho tu ndiyo yanayokutana. Mikono hushikana mara tatu: ya kulia, halafu ya kushoto, na mwisho yote miwili. Pierre Rameau, mwalimu wa ngoma aliyeandika mwaka 1725, anataka mkono uinuliwe hadi usawa wa kifua huku mnatazamana. Mwanamume anatanguliza kiganja, mwanamke analaza vidole vyake juu. Hakuna kubana. Siku ya kwanza niliyopewa mkono baada ya kupishana kote kule, nilihisi joto la vidole vya yule bwana hadi kwenye kiwiko. Nilikaribia kusahau hatua.

Wala usidhani hawakujua kukumbatiana. Zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo ilikuwepo ngoma iitwayo volta. Kasisi mmoja wa Langres, Thoinot Arbeau, aliieleza mwaka 1589: mkono mmoja wa mwanamume mgongoni mwa bibi, mwingine chini ya ule ubao unaonyoosha gauni kwa mbele, kisha anamwinua kwa msukumo wa paja. Bibi naye anamshika mwenzake kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anazuia gauni lisipeperuke. Kasisi mwenyewe anauliza kama hayo yanamfaa binti.

Kwa hiyo, wiki ya kwanza wacheze bila kugusana kabisa. Ya pili ndiyo uwape mkono wa kulia, kisha utazame nyuso zao. Niandikie ulichokiona.

Wako,
Rehema