Risala ya Kikundi cha Wazalishaji wa Mbegu za Karanga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mkulima Shambani, Nachingwea

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Chama na Serikali,
Watafiti wetu kutoka Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Naliendele,
Wageni wetu kutoka taasisi za utafiti za nje ya nchi,
Wazee wetu, wakulima wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha katika shamba hili. Tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na wingi wa majukumu yako. Umekuja wakati karanga bado ziko ardhini, na utang'oa mashina kwa mkono wako ujionee mwenyewe. Tunajua wengi huitwa mashambani na kuishia mezani. Karibu sana Nachingwea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya kikundi chetu ni fupi. Tulianza kwa kusaidiana palizi, tukaingia kwenye kuweka na kukopa, kisha watafiti wa Naliendele wakatuomba eneo la majaribio ya karanga. Hatukurudi nyuma tena. Leo tumesajiliwa, tuna akaunti benki, na mashamba yetu yanakaguliwa na TOSCI, taasisi ya Serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwa ajili ya mbegu za kuazimiwa ubora, yaani mbegu zinazozalishwa na wakulima kwa ajili ya wakulima wenzao. Tumenunua mizani, maturubai na mashine ya kumenyea karanga. Wanachama wameezeka bati na kusomesha watoto. Tunathubutu kusema kwamba shamba hili sasa ni chuo cha karanga kwa tarafa nzima.

Mheshimiwa, tumeambiwa kwamba ujumbe ulioambatana nawe unakusanya maoni kuhusu namna utafiti wa kilimo wa Serikali utakavyoshirikiana na mataifa mengine katika miaka ijayo. Kwa heshima zote, jambo hilo hapa Nachingwea si geni. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Wakaleta matrekta, wakafyeka misitu, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kutoka kule hadi hapa. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeteketea. Reli nayo iling'olewa baada ya uhuru. Walifyeka kwanza, udongo na mvua wakavijua baadaye, na wenyeji waliolima ardhi hii hawakuulizwa.

Tunalitaja hilo kwa sababu tumeuona pia ushirikiano wa namna nyingine, na tunaushukuru. Zao la korosho lilipoanguka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, ukiwa miongoni mwa sababu, ni watafiti wa Naliendele, wakisaidiwa na wenzao wa Uingereza, waliotufundisha matumizi ya salfa na kuchagua mikorosho bora. Kwenye karanga, mbegu ya Pendo ya mwaka 1998, na Mnanje na Mangaka za mwaka 2009, zilitokana na ushirikiano wa Naliendele na ICRISAT, taasisi ya kimataifa yenye makao makuu India na kituo chake Malawi. Mbegu zilisafiri kutoka mbali, lakini zilijaribiwa kwenye udongo wetu na wakulima wetu wakaulizwa ipi inawafaa. Huo ndio ushirikiano tunaoutaka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba masikio yako kwa jambo moja kuu, nalo ni mbegu ya msingi, yaani mbegu safi ya kuanzia ambayo kwayo huzalishwa mbegu ya kuwafikia wakulima.

Ufuta, kilo 2 zinatosha ekari nzima, na mavuno yake yanaweza kupanda zaidi ya ekari mia. Karanga si hivyo. Ekari moja inataka kilo 30 hadi 40 zilizomenywa, na kila kilo unayopanda hurudisha takriban kilo 10. Ukipewa mbegu ya msingi ya ekari moja, msimu unaofuata una mbegu ya ekari 10, na msimu wa tatu ndipo unafika ekari 100. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kwa hiyo misimu hiyo ni miaka. Mradi wa wafadhili nao huwa wa miaka mitatu, minne, ukizidi sana mitano, na mwaka wa kwanza huisha kwenye kusaini mikataba na kujaza madodoso. Matokeo yake, mbegu inapoanza kumfikia mkulima wa kawaida, mradi unafungwa. Gari linaondoka, simu hazipokelewi, na mbegu ya msingi haiji tena.

Wapo wanaotuambia tukanunue kwa makampuni. Mheshimiwa, makampuni hayana haraka na karanga, na sababu zake tunazielewa. Karanga hujichavusha yenyewe, hivyo mkulima akinunua leo, mwakani anaweza kupanda alichovuna. Ni mzigo mzito kusafirisha, na ikishamenywa hupoteza uotaji upesi. Hakuna faida ya kumvutia mfanyabiashara hapo. Bila taasisi ya umma, mkulima wa karanga hana pa kukimbilia. Sisi wenyewe tukiirudia mbegu ileile mwaka hadi mwaka, inachanganyika, usafi wake unapotea, na kikundi hakiwezi tena kuiuza kama mbegu.

Mheshimiwa, tunaongeza na suala la ghala, kwa kuwa halitenganishiki na mbegu. Tunahifadhi karanga vyumbani mwetu, chini ya vitanda na juu ya sakafu. Unyevu ukipanda, ukungu unaingia, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa sumu hiyo. Wanachama tulijitolea, tukachimba na kujenga msingi wa ghala, tukafyatua matofali. Kiongozi mmoja aliyesimama hapa ulipo wewe leo alitupongeza na kuahidi saruji na mabati. Aliyemfuata alishangaa kwamba hayajafika, akaagiza yaletwe mara moja. Wa tatu alituomba tuandike barua, nasi tukaandika na nakala yake tunayo yenye mhuri wa kupokelewa. Matofali yamenyeshewa, mengine yamemomonyoka. Akina mama waliobeba maji ya kuyafyatulia wanatuuliza, na sisi viongozi wa kikundi hatuna la kuwajibu.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Tunayasema kwa kuwa kila ugeni tunauandikia muhtasari, na muhtasari upo kwenye faili.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba mkakati mnaouandaa uwe na sharti hili: taasisi yetu ya utafiti isisaini mradi wa mbegu na mshirika yeyote wa nje kabla haijaandikwa ni nani atakayelipia mbegu ya msingi kwa angalau misimu mitatu baada ya mradi kufungwa. Mshirika aseme fungu lake. Halmashauri nayo iseme lake, kwa sababu kila korosho na ufuta vinapouzwa mnadani ushuru wa asilimia 3 unakwenda kwake, na fedha hiyo inatoka mifukoni mwetu. Mwaka 2003 kule Maputo viongozi wa Afrika walikubaliana kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Sisi hatuombi asilimia 10. Tunaomba mstari mmoja katika bajeti ya halmashauri, ulioandikwa mbegu ya msingi ya karanga, usiofutwa kila mwaka mpya wa fedha unapoanza.

Tunaomba pia majaribio yanayofanyika kwenye ardhi yetu yaturudie. Tumepimiwa mavuno, tumehojiwa, tumepigwa picha. Majibu tuyapate kijijini, kwa Kiswahili, kabla hayajasomwa kwenye mikutano ya mbali.

Kuhusu ghala, tunahitaji saruji, mabati, mbao za kuezekea na chaga za kupangia magunia. Mafundi tunao, na nguvu kazi ni yetu.

Mheshimiwa, utakaposimama kutujibu, tunakuomba kwa unyenyekevu mkubwa ututajie afisa atakayelifuatilia suala hili na mwezi ambao atarudi kwetu. Katibu ameshafungua ukurasa mpya kwenye daftari na yuko tayari kuandika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.