Maloba astahili kukumbukwa pande zote za mpaka

Mhariri,

Wengi wanaopiga picha mbele ya Mnara wa Uhuru jijini Kampala hawajui kwamba aliyeuchonga, Gregory Maloba, alikuwa Mkenya. Maloba alizaliwa mwaka 1922, akavuka mpaka akiwa kijana na kujiunga na Makerere, ambako Margaret Trowell alimfundisha sanaa, kisha naye akawa mwalimu wa uchongaji chuoni hapo kwa miaka mingi kabla ya kurejea kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Uganda ilipojitawala mwaka 1962, ni mikono ya mgeni huyu iliyoipa taifa hilo sura yake: mama ambaye mwili wake bado umezongwa na vitambaa vya utumwa wa kikoloni, naye amemwinua juu mtoto aliyenyoosha mikono kwa furaha. Mchongaji hakumfungua mama kabisa, na kwangu huo ndio ukweli mkubwa wa kazi ile.

Naziomba wizara za elimu za Kenya na Uganda zimfundishe Maloba katika somo la sanaa, na kila mwongozaji wa watalii Kampala alitaje jina lake anapowafikisha wageni kwenye mnara huo.

Msomaji wako,
Nairobi